Unanunua jiko la nyama choma? Subiri kwanza nikupe yaliyonikuta!

Mpenzi msomaji, leo naomba tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele, tuongee nyama choma. Na siyo nyama yenyewe, maana kula wote tunajua. Nataka tuongee jiko. Sikukuu zikikaribia kila familia utaisikia inapanga mtoko wa baharini au shughuli ya uani. Michango inapitishwa, mbuzi anatafutwa, kreti za soda zinahesabiwa, lakini ukiuliza jiko la kuchomea liko wapi, kila mtu anamtazama mwenzake. Dakika ya mwisho ndo mtu anatumwa dukani mbiombio.

Desemba 2023 aliyetumwa ni mimi.

Kwetu, tangu nimalize kidato cha nne na kuanza haka kazi ka kuandikaandika, wazee wananihesabu kama mtu asiye na kazi. Kwa hiyo shughuli ikiwepo tu, moto ni wangu. Baba mdogo wa Tabata akanipa shilingi 120,000, akaniambia, "Mwanangu, tafuta jiko la maana, Boksingi Dei tunaenda Kigamboni na mama mkwe wangu atakuwepo." Nikaingia duka moja mjini lenye kiyoyozi. Nyie! Pale mbele kulikuwa na jiko jekundu linang'aa kama gari la harusi, miguu inakunjwa, lina na mfuko wake wa kubebea. Kwenye boksi kuna picha ya Wazungu wako bustanini wanacheka, nyama imejaa. Bei 95,000. Sikuuliza swali hata moja. Nikalipa, nikaongeza na koleo, na chenji iliyobaki, Mungu anisamehe, sikuirudisha.

Tukavuka Daraja la Nyerere watu 22, Noah mbili na bajaji ya mizigo. Baharini tukapata kivuli kizuri chini ya mivinje. Nikafungua jiko langu kwa mbwembwe, watoto wamenizunguka. Hapo ndipo nilipoona kasoro ya kwanza: wavu wake ni mdogo kuliko sinia la pilau. Vipande vinane vya mbuzi, basi, umejaa. Mbuzi kilo 12 na kuku wanne watachomeka saa ngapi? Kasoro ya pili ni upepo. Desemba ni kaskazi, unavuma kutoka baharini mchana kutwa, na lile jiko kuta zake ni fupi kama sahani. Upande mmoja nyama inaungua, upande wa pili bado inalia damu. Saa nane mchana mama mkwe wa Baba mdogo alikuwa ameshakula ndizi mbili mbivu na kachumbari tupu, kimya kabisa, anatazama meli.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyotumaliza. Miguu ya jiko ilikuwa myembamba kama ya korongo na bati lake jepesi. Makaa yalipokolea, kitako kikaanza kunepa. Nikaongeza mkaa ili niharakishe. Mguu mmoja ukazama mchangani, jiko likapiga magoti mbele ya wakwe, mbuzi akaenda mchangani na moto wake.

Watu walicheka, na mimi nikajichekesha. Nikafukia makaa kwa mchanga nikijua nimemaliza kazi. Kumbe nimetega mtego. Robo saa baadaye mtoto wa binamu yangu, miaka sita, akakimbia peku juu ya pale pale. Ule ukelele sijausahau. Mchanga hauzimi makaa, unayafunika tu, na chini yanabaki ya moto kwa saa nyingi huku juu hakuna anayeona kitu. Bahati tulikuwa na madumu ya maji safi. Mama mmoja aliyekuwa jirani, mwenye kujua mambo, akatuzuia kumpaka dawa ya meno, akasema mmwagieni maji ya kawaida mfululizo kama dakika 20, halafu mpelekeni kituo cha afya. Akapona, lakini alichechemea mpaka shule zinafunguliwa. Tangu siku hiyo siendi ufukweni na jiko bila ndoo ya maji na kopo la kukusanyia makaa. Makaa yanamwagiwa maji, yanakorogwa, yanamwagiwa tena, halafu tunaondoka nayo.

Baada ya aibu ile nikaanza kuzunguka. Nikaenda kwa wachoma nyama wa baa, wauza mishkaki, mafundi wa kuchomelea vyuma, wanaouza mitumba ya nje. Nikawa nauliza yale niliyopaswa kuuliza siku ya kwanza: Jiko hili linalisha wangapi kwa mkupuo mmoja? Bati lake ni zito kiasi gani? Hewa inaingilia wapi? Linasafirije?

Nianze na seredani ya nyumbani, maana kuna watu wanadhani inatosha. Seredani, hata ile yenye udongo ndani inayobana mkaa, imetengenezwa kwa ajili ya sufuria. Moto wake umekusanyika katikati. Ukiweka wavu juu yake utapata kuku mmoja mzuri wa watu watatu wanne pale kibarazani, na hapo haina mpinzani kwa ubahili wa mkaa. Ukiitegemea kwa watu 20 mtagombana.

Jiko la mishkaki nalo ni kitu kingine. Ni refu, jembamba, halina haja ya wavu, vijiti vinalala kutoka ukingo hadi ukingo. Linafaa sana kwa mtoko kwa sababu ni jepesi na mishkaki inaiva haraka, watoto hawasubiri. Shida yake ni kwamba mguu wa mbuzi hauingii pale. Fundi mmoja aliniambia nimtafutie mtu anayetaka moja kwa yote, jiko la mishkaki na la mbuzi mzima kwa pamoja, ili amcheke.

Halafu kuna yale ya mviringo yenye kifuniko, yanayofanana na mpira mkubwa uliokatwa. Hayo yana kisa chake. Mwaka 1952 huko karibu na Chicago, Marekani, bwana mmoja aitwaye George Stephen alichoshwa na upepo unaomharibia nyama. Alikuwa akifanya kazi Weber Brothers Metal Works, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza maboya ya chuma ya majini. Akachukua boya, akalikata, nusu ya chini ikawa jiko na ya juu ikawa kifuniko. Ndiyo yaliyozaa majiko ya Weber yanayouzwa dunia nzima. Kifuniko kinazuia upepo, kinaivisha mguu wa mbuzi mpaka ndani kama tanuri, na ukiziba matundu ya hewa moto unakufa wenyewe, mkaa unaobaki unautumia kesho. Kwa kweli ni jiko zuri. Bei yake ndiyo ilinifanya niliguse kwa kidole tu na kuondoka.

La gesi sitalizungumzia sana. Linawaka papo hapo, halina majivu, na tangu Mei 2024 Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, wengi tuna mtungi nyumbani. Ukiwa na uwezo wa kununua jiko halisi la gesi la kuchomea, hakikisha kichwa chake kinaingia kwenye mtungi wa hapa kwetu, maana mengine yanakuja na vichwa vya nchi nyingine. Ila kitu kimoja nakukataza kabisa: usichukue ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu ukaufunika na bati pana ili uchome nyama. Joto linagonga bati na kurudi chini kwenye mtungi. Unacheza na bomu, ndugu yangu.

Sasa turudi kwa Baba mdogo. Lile jiko jekundu hatukulitupa. Alilipeleka kwa fundi likachomelewa miguu ya nondo, likawa imara, ila dogo vile vile. Pasaka ya 2024, tarehe 31 Machi, tukawa na shughuli pale uani kwake. Si unajua Pasaka na masika ni ndugu. Tumechoma vizuri mpaka saa kumi na moja jioni, mara mvua hiyo! Watu wakakimbilia ndani na viti vyao. Nyama ilikuwa imebaki kama kilo tatu. Nikasema siwezi kuacha moto mzuri hivi uzimwe na mvua. Na kwa kuwa jiko ni jepesi, lina na vishikio, mimi na kijana mwenzangu tukalibeba mzobemzobe mpaka chumba cha uani, kile cha kuwekea magunia. Makaa yalikuwa hayana moshi wala mwali, mekundu tu. Mvua ikawa inapiga dirishani, mtu akafunga dirisha. Mlango tukaurudishia.

Ndani ya kile chumba wakaingia wasichana watatu, wanakula, wanapiga stori, wanaona joto zuri. Mimi nilikuwa natoka na kuingia kupeleka nyama, na naamini huko kutokatoka ndiko kulikoniokoa. Binamu yangu, aliyekuwa kidato cha pili, akalalamika kichwa kinamgonga. Tukamtania kwamba ni soda nyingi. Baadaye akasema anasikia kichefuchefu. Wa pili naye akasinzia pale pale kwenye gunia. Nikadhani ni uchovu wa shughuli.

Aliyetuokoa ni Shangazi. Yeye anaishi Njombe, kwenye baridi ile ya Juni na Julai ambayo watu wanashawishika kulala na jiko chumbani. Alipopita mlangoni na kumwona binamu anatapika, hakuuliza amekula nini. Alipiga kelele, "Toeni hilo jiko! Fungueni kila kitu! Watoeni nje, waache walowe!" Binamu alipojaribu kusimama akaanguka kama mzigo. Tukambeba mpaka kwenye mvua.

Hospitali waliwawekea hewa ya oksijeni, binamu akalala huko mpaka kesho yake. Daktari akatueleza kwa utulivu, huku mimi natamani sakafu inimeze. Mkaa ukiungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi. Inashika kwenye damu kwa nguvu inayozidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ndizo zile zile: kichwa, kichefuchefu, usingizi. Na yale makaa mekundu yasiyo na moshi, ambayo sisi tunayaona "safi", ndiyo yanaendelea kuitoa kwa saa kadhaa. Nikamuuliza, je, tungeacha dirisha wazi? Akanijibu, "Dirisha siyo dawa, kijana. Jiko la mkaa ni la nje."

Baba mdogo hakunigombeza. Tukiwa kwenye benchi la hospitali alisema neno moja tu, kwamba mara nyingine tununue jiko ambalo halipiti mlangoni.

Ndiyo maana leo, msomaji wangu, kwa shughuli za uani mimi ni mtu wa pipa. Wiki mbili baada ya Pasaka tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea hapo Tabata. Nilimwamkia shikamoo, akaniangalia akacheka, "Marahaba. Wewe ndo wa jiko jekundu?" Habari zilishafika.

Pipa la chuma la lita 200 likikatwa kwa urefu linatoa majiko mawili, kila moja likiwa na urefu wa karibu sentimita 90 na upana unaokaribia 60. Hapo mbuzi anageuzwa bila kubanana. Lakini kabla ya kukata, uliza pipa lilibeba nini. La mafuta ya kula au juisi ndilo la kutafuta. La dawa za mimea, rangi au kemikali usilichukue hata ukipewa bure, na kama muuzaji anasitasita, ondoka. Fundi wetu alijaza maji kwanza ndipo akawasha grenda. Nikadhani ni ushirikina wa kazi, kumbe mabaki ya mvuke wa mafuta ndani ya pipa lililofungwa yanaweza kulipuka cheche zikiingia. Akasema amewahi kuona.

Kwenye wavu ndipo wengi wanapobana hela. Wavu wa kufugia kuku na waya wa fensi umepakwa zinki, na zinki kwenye moto mkali si kitu cha kuweka chini ya chakula. Rafu za friji bovu nazo zimepakwa mambo ambayo hayakutengenezewa moto. Tulichukua nondo nyembamba zisizopakwa kitu, zikachomelewa kwa kupishana kama upana wa kidole, na nilimsisitiza fundi afanye nyavu mbili badala ya moja. Ukitaka kuongeza mkaa unanyanyua mmoja, wa pili unaendelea na kazi. Ndani, chini ya nyavu hizo, kuna kichanja kingine cha nondo nene ambacho mkaa unakaa juu yake. Hewa inapita chini, majivu yanadondoka, na kitako cha pipa hakiungui upesi. Kati ya mkaa na nyama tuliacha kama sentimita 15. Matundu yako chini na ubavuni. Miguu ni ya vyuma vya pembe, mirefu kufikia kiunoni, imefungwa mkingamo ili isitawanyike. Fundi alitaka kulipaka rangi lote lipendeze, nikamwambia ndani usiguse. Siku ya kwanza tuliwasha moto mkali saa nzima bila nyama, tukaliacha lipoe, tukalisugua, ndo tukalipaka mafuta ya kula kwenye nyavu.

Gharama yote, pipa na ufundi, ilikuwa 85,000. Elfu kumi pungufu ya lile jekundu! Sitaki hata kuliongelea.

Kulitumia pia kuna namna yake. Usijaze mkaa pipa zima kama unachoma tofali. Rundika upande mmoja, ule mwingine uache na makaa machache, nyama ikishashika rangi unaihamishia huko iive taratibu. Mkaa wa mti mgumu ni mzito na ukigonganisha vipande vinalia kama chupa. Ule mwepesi unaopukutika mkononi utakurusha cheche na kuisha kabla kuku hajageuzwa. Mkaa wa vifuu vya nazi nao unakolea vizuri ukiupata. Petroli usiilete karibu, na kama umetumia mafuta ya taa kuwashia, subiri mpaka makaa yavae jivu jeupe, la sivyo wageni watakula kibatari. Kupima moto, weka kiganja pale nyama itakapolala: ukishindwa kuvumilia zaidi ya sekunde mbili tatu, ni moto wa kuchangamsha nyama. Ukifika tano, ni moto wa kuku. Na kuku asitoke mpaka maji yanayochuruzika karibu na mfupa yawe hayana wekundu.

Lile jekundu bado tunalo. Linakwenda ufukweni tukiwa watu watano au sita, miguu yake ya nondo tunaiwekea kipande cha ubao chini isizame. Halirudi ndani likiwa na hata kaa moja, na binamu ndiye mkaguzi. Tukifika nyumbani analifungua kwenye mfuko, anapitisha mkono, ndipo anasema haya, pitisheni.

La pipa limekuwa mali ya mtaa. Kipaimara, arobaini, sendofu, kila wiki linabebwa na kirikuu kwenda kwa mtu, na Baba mdogo hatozi kitu isipokuwa lirudi limesuguliwa. Mpaka sasa limerudi kila mara. Wiki tatu zilizopita lakini lilirudi na wavu mmoja. Kama shughuli ilikuwa kwako, ile yenye turubai la bluu karibu na mashine ya kusaga, tafadhali tazama nyuma ya banda la kuku. Jumamosi tuna wageni.